Mawe Sabini na Tisa

Haya nimeyapata kwa mkamwana wangu, mke wa mwanangu wa tatu. Alinisimulia mwaka jana, mchana mmoja baada ya kupura maharage. Mimi nilikuwa napepeta, yeye anachambua vijiwe kwenye ungo. Akashika kijiwe bapa kisichozidi ukucha, akakitazama, akacheka peke yake. Mtu akicheka peke yake mbele yangu lazima anieleze. Akaeleza, nami nikamwuliza maswali mengi kiasi kwamba kazi ya saa moja ilituchukua mchana kutwa.

Mkamwana wangu ni fundi wa cherehani na kila mtu humwita Fundi, hata mume wake. Kwao wamebaki wawili, yeye kitinda mimba na kaka yake aliyemzidi miaka kumi na sita. Huyo kaka alikuwa dereva wa lori, sasa amestaafu, na tangu ujana wake watu humwita Kipindi cha Pili. Fundi alilikuta jina hilo na hakujua limetoka wapi. Yeye alilelewa na shangazi yake mjini kwa ajili ya shule, shambani kwa baba yake alikuwa mtu wa likizo. Kitu alichokumbuka cha likizo hizo ni kwamba mara zizi la ng'ombe lilikuwa karibu na nyumba, mara lilikuwa mbali juu kule. Alipokuwa mkubwa akajiambia ni akili ya utoto, zizi haliwezi kutembea.

Baba yao alipougua, ng'ombe wakagawanywa huku na huku, na alipofariki shamba likakaa miaka tisa bila mwenyewe. Paa la nyumba lilishuka upande mmoja kama kofia ya mlevi. Mlango wa stoo ulishikwa na mzizi ukawa haufunguki. Jikoni walihamia nyuki. Magugu yalikuwa marefu kumpita mtu, na mwisho akajitokeza mfyatua matofali aliyeutaka udongo wa sehemu ya juu, pale penye mwinuko. Kipindi cha Pili akaona ni sawa. Fundi akaona si sawa, akasema udongo ukishakuwa ukuta wa mtu hauwi shamba tena.

Hawakugombana. Ndio ubaya wa ndugu wasiogombana, maneno hukaa ndani yakachacha. Wakapatana hivi: Fundi alichukue shamba mpaka mvua zikatike. Zikikatika, kama pana ng'ombe anayekamuliwa aliyeshiba nyasi za shamba lile lile, bila hata mzigo mmoja wa kutoka nje, basi mfyatua matofali ataambiwa hapana. Kama hayupo, alete majembe yake.

Nilimwuliza kwa nini iwe ng'ombe, kwa nini isiwe mahindi. Akasema kaka yake ndiye aliyetaja ng'ombe, na alimtaja haraka, kama mtu anayejua mahali mwenzake atakapojikwaa.

Katika ng'ombe wa baba yao alikuwa amebaki mmoja wa ukoo ule, kwa jirani aitwaye Mzee Kopo. Huyu haachani na kopo lake la bati. Ukimpa chai kwenye kikombe ataimimina kwenye kopo kwanza, ndipo aseme asante. Ng'ombe mwenyewe alikuwa wa mbegu ya zamani, mfupi, mwenye nundu, maziwa yake si mengi lakini ni mazito, na kupe hawamsumbui. Watu wengi wameshawaacha ng'ombe wa namna hiyo wakafuata wakubwa wanaotaka kulishwa kama wagonjwa. Alikuwa mtamba alipoondoka shambani. Sasa ni ng'ombe mzima, ana mimba ya dume la Mzee Kopo, la mbegu ile ile. Mzee Kopo alimpa jina la Mkaguzi kwa kuwa hanywi maji mpaka anuse ndoo pande zote. Alisema kiburi hicho amekirithi kwa baba yake Fundi, maana kwake hakufundishwa.

Basi Fundi akahamia shambani na cherehani yake, akaiweka barazani. Mwanangu alibaki na watoto, na huko ndiko alikojifunza kupika wali usioungua. Asubuhi Fundi alifyeka, jioni alishona sare za shule. Watu walimshauri achome magugu amalize kwa siku moja. Akakataa. Alisema huwezi kuchoma nguo ili utoe doa. Akafyeka kwa mundu na kuyaacha magugu yalale pale pale yafunike ardhi.

Chini ya magugu kule juu akakuta mawe. Mawe bapa, mazuri, kila moja ukubwa wa sinia, yamelala kimya kama yamewekwa. Akawa anayang'oa kila anapoyafikia, na chini ya kila jiwe alikuta duara la majivu yaliyochanganyika na pumba. Jambo hilo lilimkaa kichwani. Akamwuliza Mzee Kopo majivu yale ni ya nini. Mzee Kopo hakufikiri hata kidogo, akasema ni mafiga ya watu wa zamani, walipika hapo.

"Mawe yako sabini na tisa," Fundi akasema. "Watu sabini na tisa, kila mtu na jiko lake?"

"Walikuwa na njaa," akasema Mzee Kopo, akanywa chai yake.

Kwa kuwa hakupata jibu zuri zaidi, Fundi akaliacha swali likae. Mawe akayashukuru. Alikuwa amejenga banda jipya la Mkaguzi karibu na nyumba, akayapanga chini yakawa sakafu safi, unaweza kuifagia. Kaka yake alipopita kuangalia kazi, alisimama mlangoni mwa banda muda mrefu. Akauliza mawe yametoka wapi. Akaambiwa kule juu. Akauliza kama ameyatoa yote.

"Yote, Kaka. Hata moja sikuacha."

"Haya," akasema, akapanda pikipiki akaondoka. Fundi alidhani amependezwa.

Mkaguzi aliletwa jioni moja. Akanusa mlango wa banda, akanusa sakafu, akaweka kwato moja juu ya jiwe kisha akairudisha. Akageuka, akapanda mwinuko polepole na tumbo lake, akaenda kulala kule juu kwenye nyasi. Kesho yake vivyo hivyo. Fundi alimvuta kwa kamba, akambembeleza kwa chumvi, akatandika majani makavu juu ya mawe. Ng'ombe alikula chumvi, akala majani, akaondoka.

Mtu mwingine angechapa. Fundi yeye alitaka kujua. Kila asubuhi alipanda na vipande vya kitambaa, akafunga kimoja kwenye kijiti pale nyasi zilipolaliwa. Baada ya wiki tatu hivi aliona vitambaa vimekaa kwa mafungu. Mkaguzi alikuwa analala eneo moja siku kadhaa, akishapachafua anasogea jirani, hachanganyi. Fundi akamweleza Mzee Kopo, na Mzee Kopo akasema ng'ombe hana kalenda, wewe mtoto wa mjini unamtafutia ng'ombe kazi ya ukarani.

Mvua zikaanza. Paa likavuja juu ya cherehani, ikabidi Fundi apande kuziba. Alikuwa amekaa juu huko na bati mkononi alipotazama mwinuko, akasahau bati. Nyasi zilizoota zilikuwa za rangi mbili. Palikuwa na miraba, kijani kilichokolea, imepangwa upande kwa upande kama shuka la viraka, minne kwa mitano, na pembeni yake nyasi za kawaida za kijani cha kupauka. Katikati ya mraba mmoja amelala Mkaguzi, anacheua.

"Mama," aliniambia, "mimi nimeshona viraka miaka ishirini. Kiraka hakijiweki chenyewe. Nikajua hapa kuna mtu alipima."

Akashuka mbio, akapanda mwinuko aufuate mraba ule kwa miguu. Akiwa pembeni mwake, mguu wake wa kulia ukazama mpaka gotini.

Lilikuwa shimo. Duara, pande zake ngumu kama zimesakafiwa, na ndani majivu na pumba vimelowa na kushuka chini. Fundi alikaa kwenye nyasi na mguu wake shimoni, na kila kitu kikamjia kwa pamoja. Lile lilikuwa shimo la nguzo. Majivu ni ya kuzuia mchwa na pumba ni ya kulijaza lisibomoke wakati nguzo haimo. Jiwe lilikuwa kifuniko, ili asije akaingia mtu, wala mnyama. Zizi la baba yake lilikuwa linatembea kweli. Na vifuniko sabini na tisa yeye mwenyewe alikuwa amevibeba kwa mikono yake miwili akavifanya sakafu.

Nikamwuliza alijisikiaje. Akasema alijisikia kama fundi aliyekata kitambaa cha bibi harusi kabla ya kumpima. Lakini kilichomwogopesha ni kingine. Mvua ilikuwa inaendelea kushusha majivu, nyasi zinapanda, na katika mashimo hayo alikuwa anatembea ng'ombe mwenye mimba ya mwezi wa mwisho. Mguu mmoja tu ukiingia, amekwenda ng'ombe, amekwenda ndama, limekwenda na shamba.

Akaanza kurudisha mawe. Alichukua futi yake ya kushonea, akaunga kamba, akapima kutoka shimo alilolipata. Aliona kwamba mraba una mashimo manane, manne kwenye pembe na manne katikati ya pande, na miraba inayogusana hutumia upande mmoja, kama vitambaa viwili kwenye mshono mmoja. Hapo akafurahi. Mashimo ya mwanzo yalikuja yenyewe. Kisha yakaanza kumpotea, maana baba yake hakupima kwa futi, alipima kwa hatua, na hatua ya kupanda mwinuko si sawa na ya kushuka. Siku nne alichokonoa nyasi kwa kijiti. Akafunika arobaini na moja. Thelathini na manane hayakuonekana.

Mkaguzi akafungwa bandani, kwenye sakafu yenye mapengo. Hakula vizuri. Alisimama kutwa anatazama juu, shingo imechubuka kwa kamba. Mzee Kopo alikuja akamtazama, akatazama na mwinuko, na safari hii hakusema utani. Alisema tu kwamba hakujua habari ya mashimo, baba yake Fundi hakuwa mtu wa kueleza kazi yake, nguzo alihamisha na mwanawe.

"Mwanawe yupi?"

"Anao wangapi?" akasema Mzee Kopo.

Ijumaa jioni Fundi akampigia kaka yake simu. Alimweleza yote bila kumlaumu, akamwambia amepata arobaini na moja. Kipindi cha Pili akasema atakuja asubuhi, wasimfungulie ng'ombe.

Asubuhi hiyo, Jumamosi, kamba ilikuwa imekatika na banda tupu.

Kipindi cha Pili alipofika na pikipiki aliwakuta Fundi na Mzee Kopo wamesimama chini ya mwinuko, hawathubutu kumfukuza ng'ombe asije akakimbia. Mkaguzi alikuwa juu, kwenye nyasi ndefu, mkia umeinuka, anageuka huku na huku, analala, anainuka. Uchungu ulikuwa umemshika. Kila alipogeuka Fundi alifumba macho.

Kaka yake akavua viatu, akavipanga barazani, akakunja suruali. Fundi akamwambia asiende, kuna mashimo.

"Najua," akasema. "Leta mawe kwa toroli. Kanyaga ninapokanyaga mimi."

Akaenda mpaka kwenye kisiki kimoja cha pembeni, akasimama nacho mgongoni kama mtoto anayepimwa urefu. Kisha akaanza kutembea. Fundi alimsikia anahesabu kwa sauti ya chini, hatazami chini, anatazama mbele kama mtu anayesoma ukutani. Sita, akapiga fimbo kwenye nyasi, fimbo ikazama. Jiwe. Sita tena, ikazama. Jiwe. Akipanda alikuwa anarefusha hatua, akishuka anaibana. Hakukosea hata mara moja. Mtu mwenye miaka sitini na miwili na tumbo la udereva, miguu yake ilikuwa inakumbuka ya kijana wa kumi na nne.

Walimzunguka Mkaguzi hivyo, wakiziba mashimo ya mraba wake. Jiwe la mwisho Fundi aliliweka na kuondoa vidole, na kwato ya nyuma ya ng'ombe ikatua juu yake. Jiwe likacheza kidogo, likatulia. Mzee Kopo alitazama ndani ya kopo lake, kumbe halina kitu, akanywa hivyo hivyo.

Ikabaki kungoja. Walikaa chini mbali kidogo wasimbughudhi, na hapo ndipo Fundi alipomwuliza kaka yake, bila kumtazama, kama aliyajua mashimo siku ile aliyosimama mlangoni mwa banda.

"Niliyajua," akasema. "Nikasema moyoni, mvua moja tu, atachoka, atarudi mjini. Ng'ombe sikumfikiria, mdogo wangu. Nakuambia kweli."

Halafu akaeleza, na Fundi anasema hakuwahi kumsikia kaka yake akisema maneno mengi kwa pamoja vile. Baba yao alikuwa anahamisha zizi kila siku ya saba. Alisema siku saba mbolea inailisha ardhi, siku ya nane inaanza kuinyonga, kwato zinaoza na matope yanaanza. Miraba ishirini, kila mmoja unalala na ng'ombe wiki moja kisha unapumzika wiki kumi na tisa. Hakununua mbolea maisha yake yote. Nguzo nane na fito zake, baba upande mmoja na mwana upande wa pili, iwe mvua iwe jua. Na siku ya saba yao ilikuwa Jumamosi.

"Nilikuwa kipa," akasema. "Kipa mzuri, muulize huyu mzee. Mechi saa kumi. Mimi nafika tumeshafungwa mawili, nina samadi mpaka kwenye nyusi."

Mzee Kopo akathibitisha. Akasema timu ilikuwa inacheza kipindi cha kwanza kwa sala na kipindi cha pili kwa kipa. Fundi ndipo akajua, miaka yote hiyo, jina la kaka yake lilitoka wapi. Alitaka kucheka lakini aliona uso wa kaka yake, akaahirisha.

"Nikaapa nikiondoka hapa sitashika nguzo tena," akasema Kipindi cha Pili. "Ndiyo maana huyu wa matofali nilimwona kama ndugu."

Saa nne na nusu ndama akatoka, jike, mdogo, mwenye baka jeupe begani. Mkaguzi alimnusa pande zote kabla ya kumlamba, kama anavyofanya na ndoo. Ndama akasimama, akaanguka, akasimama, akapata chuchu.

Kipindi cha Pili aliwatazama mpaka ndama akashiba. Kisha akainuka bila kusema anakwenda wapi, akashuka mpaka stoo, akaukata ule mzizi kwa panga, akavuta mlango. Darini zilikuwa zimening'inia nguzo nane na fito zake, zimekauka, zimepakwa majivu, hazina tundu hata moja la mchwa. Wakazibeba. Mawe manane ya mraba ule yakaondolewa, nguzo zikaingia kwenye mashimo yake kama mguu kwenye kiatu cha zamani, fito zikafungwa, na Mkaguzi akabaki amelala katikati na mwanawe, hata hakugeuza shingo. Mimi nilimwuliza Fundi kama ng'ombe yule alikumbuka miraba au alipenda tu mahali pakavu penye nyasi laini. Akasema wamebishana mpaka leo. Mzee Kopo sasa ndiye anayesema alikumbuka.

Simu ya Kipindi cha Pili ikalia wakiwa wanamalizia fundo la mwisho. Alikuwa mfyatua matofali, anauliza kama mvua zitamchelewesha. Kipindi cha Pili akamsalimia vizuri, akauliza hali ya nyumbani, kisha akamwambia atafute kwingine, huu udongo una wenyewe. Fundi akamkumbusha kwamba mvua bado hazijakatika, ahadi haijafika.

"Leo ndiyo siku ya kwanza ya mraba huu," kaka yake akasema. "Jumamosi ijayo tunahamisha."

"Tunahamisha?"

"Nguzo za pembeni huziwezi peke yako. Utaziweka mshazari kama mshono wako."

Walipokwisha kufunika na mashimo mengine yote yaliyobaki, walikula viazi vya kuchemsha bandani, kwenye kivuli. Sakafu haikuwa na jiwe tena, ila yale manane yaliyozidi yamepangwa ukutani. Mzee Kopo alilala kwanza, ameketi, kopo limesimama gotini na halikuanguka. Kipindi cha Pili akavuta jiwe moja akalifanya mto, akatandika shati juu yake, akalala chali na miguu yake yenye matope imenyooka mpaka nje ya mlango.

"Siku hizi mechi zinaanza saa ngapi?" akauliza, amefumba macho.

"Saa kumi, Kaka. Ni ile ile."

"Basi niamshe kipindi cha pili."

Fundi alimwuliza kama baba aliwahi kwenda kumwona akicheza hata siku moja. Alimtazama, kumbe mdomo umeshafunguka na mkoromo umeanza. Akaegemea nguzo ya banda, akiwa amekusudia kabisa kumwamsha saa kumi na nusu. Kutoka pale aliweza kuuona mraba na masikio ya ndama juu ya nyasi. Akaanza kuhesabu kwa macho hatua za kutoka kisikini mpaka nguzo ya kwanza, apate kuzijua naye kwa moyo. Hakufika ya sita, akalala.